Malkia Wagonjwa wa Mtaa wa Tandamti

Paskalina Komba aliwajua nyuki kwa kuwashonea watu nguo. Meza yake ilikuwa soko la Mchikichini, upande wa makoti na maovaroli ya mitumba. Alikuwa akichambua maovaroli meupe waliyovaa mafundi rangi wa Ulaya, anayaloweka siku mbili, anayafua mpaka madoa yafifie, halafu anayashonea kofia pana yenye chandarua mbele ya uso. Warina asali wa Kisarawe, Rufiji na Handeni walikuwa wakimjua kwa kazi hiyo. Akiwapima mabega, anawauliza maswali. Kwa nini nyuki hawa wamehama? Kwa nini mzinga huu umejaa na ule wa jirani mtupu? Miaka minane ya kupima mabega ilimfundisha kitu kimoja ambacho wengi wa wateja wake hawakukizingatia: mzinga ni malkia. Malkia akiwa mzima anataga mchana na usiku, mzinga unajaa. Akichoka, kila kitu kinachoka.

Basi akaamua kuzalisha malkia.

Uzi na zipu alikuwa akinunua kwa Mzee Champaklal, Mtaa wa Tandamti, Kariakoo, kwenye duka lililokuwa chini ya nyumba ya ghorofa moja ambayo baba yake mzee huyo aliijenga. Juu ya ile ghorofa kulikuwa na paa la sakafu, ambako siku hizo hakuwa akipanda mtu isipokuwa mkwe wake Bhoomi akianika nguo. Siku Paskalina alipoomba aweke mizinga huko, mzee alimtazama juu ya miwani yake.

"Weka," alisema. "Lakini sharti moja. Nyumba hii hauawi mdudu. Sisi hata mende hatuui, tunamfagia nje. Nyuki akikushinda, mtoe aende zake. Usimuue juu ya kichwa changu."

"Nimeelewa, mzee."

"Umeelewa au unaitikia tu?"

"Nimeelewa, baba."

Akaweka mizinga minane mikubwa na visanduku arobaini vidogo vya kulelea malkia. Kila alfajiri, kabla wamachinga hawajatandika bidhaa, alikuwa yuko juu na bomba lake la moshi. Jua likitoka, nyuki wanashuka mtaani kutafuta sukari. Wauza juisi ya miwa waliwawekea ndoo ya maji ya moto kando ya mashine, wakiwamwagia kila wakirundikana kwenye makapi, na maiti zao zikaelea mtaroni pamoja na maganda. Paskalina alipita hapo kila siku asiseme neno, maana alipomsema mmojawao wiki ya kwanza aliambiwa kuwa safari ijayo maji yale yatamwagwa juu kwenye mizinga yenyewe.

Pamoja na hayo, kazi ilikubali. Kila malkia wake alimpaka nukta ya rangi ya kucha mgongoni ili ajulikane. Mama yao wote alikuwa malkia mmoja aliyemtoa msitu wa Pugu, mrefu, mweusi, mpole wa ajabu kwa nyuki wa pwani. Huyo alimpaka zambarau na kumwita Bi Mkubwa. Mabinti wa Bi Mkubwa walisafiri kwenye vizimba vidogo vya mbao na waya, kila mmoja na nyuki vibarua sita wa kumlisha njiani, wakafika mpaka Tanga na Singida. Watu waliacha kusema "malkia", wakawa wanasema "nipe wa Mama Vicky", kwa jina la mtoto wake aliyekuwa anasoma unesi Songea. Mwaka ule akaombwa akafundishe wafugaji ukumbini, mwezi wa nne, mbele ya watu mia. Paskalina hakuwahi kumaliza hata kidato cha pili. Usiku na mchana akaufikiria ukumbi ule.

Mwezi wa pili ulipokuwa unaisha, alifungua mzinga wa Bi Mkubwa akakuta masega yana matobo. Badala ya majana, watoto wa nyuki, yaliyopangana kama punje za muhindi, palikuwa na yai hapa, kisha nafasi tupu, kisha jana moja lililosinyaa. Bi Mkubwa mwenyewe alikuwa anatembea ovyo, anaingiza mkia kwenye tundu, anautoa, hajaacha kitu.

Siku ya tatu akawakuta vibarua wanamuua. Walikuwa wamemzonga wakawa donge la ukubwa wa limao, kila mmoja anajisukuma ndani apate kumkaba, wanamchemsha kwa joto la miili yao. Paskalina alilitumbukiza lile donge kwenye bakuli la maji likasambaratika. Bi Mkubwa akatoka bawa moja limechanika na mguu wa nyuma haupo. Akamkausha kwa pamba, akamrudisha kwenye mzinga ndani ya kizimba, akidhani watamzoea upya. Wale vibarua, ambao wote aliwazaa yeye, wakapitisha miiba kwenye nafasi za waya.

Asubuhi iliyofuata alimkuta bado yuko hai, hawezi kusimama. Ndipo alipomweka kwenye kibiriti, akashuka naye kwa Bhoomi.

Bhoomi alikuwa fundi wa maabara kwenye zahanati moja ya Upanga. Kazi yake ya kila siku ilikuwa kutafuta malaria kwenye damu za watu. Hakuwa na mazoea na nyuki, ila alipenda kujua mambo.

"Niletee na wengine wawili unaowaona wazima," alisema. "Na vibarua kumi."

Kesho yake wakakutana maabara wakati wa chakula cha mchana. Malkia wale wawili Bhoomi aliwaweka kila mmoja peke yake kwenye kichupa cha kioo, wakangoja mpaka kila mmoja akadondosha choo chake, tone moja la maji meupe maangavu. Bi Mkubwa alikuwa ameshakufa ndani ya kibiriti, kwa hiyo huyo alipasuliwa. Utumbo wa nyuki mzima una rangi kama ya majani makavu. Wa Bi Mkubwa ulikuwa mweupe kama maziwa, umevimba, unakatika ukiguswa.

"Njoo uone," Bhoomi akasema, akimpisha kwenye hadubini.

Paskalina aliinamia lile tundu la kioo. Aliona vitu vingi vya mviringo mrefu, vinang'aa, vimelaliana kama mchele uliomwagika.

"Ndiyo nini hivi?"

"Vimelea. Nimesoma tangu jana usiku, Mama Vicky, nikawa nalinganisha na picha. Vinaitwa nozema. Vinaingia kwa mdomo, vinakaa kwenye utumbo, vinazaliana humo mpaka utumbo unapasuka. Malkia anakula lakini chakula hakimfikii. Mayai yananyauka tumboni. Na harufu yake inabadilika, ndiyo maana watoto wake wakamgeuka. Wamejua kabla yako."

"Na hawa wawili?"

Bhoomi aliyatazama yale matone mawili, moja baada ya jingine, polepole, kama mtu anayeomba akosee. "Wote wanavyo. Hata huyu anayeonekana mzima. Na vibarua saba kati ya kumi."

"Vimetoka wapi?"

"Vizimba vyako unavitumia mara ngapi?"

Vizimba vilikuwa vinarudishwa na wateja, naye alivikung'uta tu, akaweka malkia mwingine. Vibarua walivilamba vikiwa na uchafu wa waliotangulia, kisha wakamlisha malkia mpya kwa midomo hiyohiyo.

"Dawa?"

"Wapo wanaojaribu dawa. Lakini aliyenyauka mayai hatagi tena. Wote wafe, Mama Vicky. Visanduku uvichome, masega uyachome, uanze upya. Na usimtoe hata mmoja hapo juu. Umenisikia? Hata mmoja. Ukimtoa unamwaga ugonjwa kwa mwingine."

Ilikuwa tarehe tatu mwezi wa tatu. Bhoomi aliandika tarehe na majibu kwenye daftari lake la maabara, kwa mazoea tu ya kazi.

Paskalina alirudi Tandamti akapanda paani. Akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akaangalia visanduku arobaini. Alijiambia kwamba hawezi kuua, mzee alishakataza. Alijiambia hivyo mara nyingi, na kila akijiambia alipata nafuu. Duka lilikuwa ngazi mbili tu chini yake na Mzee Champaklal alikuwa humo anapima lastiki. Hakushuka kumuuliza.

Siku sita baadaye akaja Violeth.

Violeth alikuwa mtu wa kwao, wote wa Songea, walicheza pamoja utotoni. Aliolewa Kisarawe, akafiwa na mume, na wanawake wa huko wakamchagua mwenyekiti wa kikundi chao cha nyuki kwa sababu alikuwa anajua kusoma mahesabu na hakuwa na ndugu wa kuwapendelea. Alikuwa ameagiza malkia ishirini na wanne tangu Krismasi. Alikuja na mfuko wa mihogo mibichi na kuku aliyefungwa miguu.

"Wenzangu wamekutumia huyu," alisema, anaweka kuku chini ya meza ya Mchikichini. "Waliniambia tununue kwa mwingine, kuna kijana anauza bei ndogo. Nikawaambia hapana. Nikawaambia Paskalina namfahamu tangu tunaoga mtoni. Nimesimama mbele yao nikakuapia."

Paskalina aliendelea kushona. Cherehani ilikuwa na kelele na akaiacha iwe nayo. Aliona ukumbi wa mwezi wa nne, aliona watu mia. Aliona pia jinsi neno "wagonjwa" litakavyotoka Kisarawe likafika Handeni, Tanga, Singida kabla hajapanda jukwaani.

"Vipi, mbona kimya?" Violeth akauliza. "Hawajawa tayari?"

"Wako tayari."

"Wote wazima?"

"Wazima kabisa, shoga yangu."

Alimchagulia wanono. Aliwapaka rangi nyekundu, maana Violeth aliipenda nyekundu. Alimsindikiza mpaka kituoni amebeba boksi mwenyewe, akamwelekeza asiliweke juani. Kuku alimchinja Jumapili.

Mwezi wa nne alifundisha ukumbini, akapigiwa makofi.

Mwezi wa sita, saa nne asubuhi, Violeth alitokea Mchikichini. Alikuwa amekonda na kanga yake ilikuwa ya kuazima. Hakusalimia. Alifungua kopo la maziwa ya unga, akalimimina juu ya meza, juu ya ovaroli jeupe lililokuwa linashonwa. Zilidondoka maiti za malkia, zimekauka, nyingine hazina mabawa, mgongoni nukta nyekundu.

"Kumi na tisa," alisema. "Watano sikuwaona, nadhani waliliwa na siafu. Mizinga yetu yote, Paskalina. Hata ile ya zamani ambayo haikuwa na malkia wako. Nyuki wamebaki wanatambaa chini hawawezi kuruka, matumbo yamevimba, wamechafua mizinga kwa kuhara. Waliokuwa na nguvu wamehama. Uliniambia wazima."

Watu wa meza za jirani walikuwa wameshageuka. Mchikichini ugomvi hauhitaji mwaliko. Muuza viatu wa mbele alizima redio yake ili asikie vizuri.

Palikuwa na nafasi ndogo hapo ya kusema kweli, na Paskalina aliiona. Iliishi muda wa pumzi moja.

"Malkia wangu wako Tanga, wako Singida," akasema kwa sauti ya kufikia meza ya tano. "Mbona huko hawafi? Wewe umewaweka wapi? Umewalisha nini? Mtu hujui kutunza nyuki, unaua wa watu, halafu unanijazia mizoga kwenye kazi!"

"Paskalina."

"Ondoa uchafu wako, nina wateja!"

"Mimi? Unaniambia mimi?"

"Mama, rudi kalime mihogo," muuza viatu akadakia, na watu wakaangua kicheko. Mwingine akaiga mwendo wa nyuki anayetambaa, tumbo mbele. Kicheko kikazidi. Violeth alisimama katikati ya kicheko hicho, anaokota malkia mmoja mmoja na kuwarudisha koponi, wengine wanamponyoka wanaangukia kwenye vumbi na yeye anainama kuwatafuta. Paskalina alikung'uta ovaroli, akaingiza uzi kwenye sindano. Uliingia mara ya kwanza.

Violeth hakurudi Kisarawe moja kwa moja. Aliuliza njia mpaka Tandamti, akitaka kuyaona hayo mabanda ya malkia kwa macho yake. Aliyemfungulia mlango wa ngazi ni Bhoomi. Bhoomi aliangalia ndani ya kopo, akauliza swali moja tu: "Ulichukua lini?"

"Tarehe tisa mwezi wa tatu."

Bhoomi akaingia ndani, akatoka na daftari.

Jioni ile Paskalina alipofika, Mzee Champaklal alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni pa ngazi, duka limefungwa kabla ya wakati.

"Shikamoo, mzee."

Hakuitikia. "Kesho utaondoa mizinga yako."

"Mzee, wakiondoka hai wataenda kuambukiza—"

"Sasa unajua hilo?"

"Ni wewe uliyenikataza!" Paskalina akalipuka, na machozi yakamtoka ambayo hata yeye hakujua yalikokuwa. "Sharti lako! Ulisema nisiue! Ningewaua siku ileile, ungenifukuza! Wewe ndiye uliyefanya nikawapeleka!"

Mzee alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. "Uliniuliza lini?" alisema. "Nyuki wako wanaumwa, ulikuja lini dukani kunieleza? Ulikuja Jumatatu kuchukua zipu. Ulikuja Alhamisi kuchukua uzi. Tulizungumza habari za mvua."

Paskalina alijifuta machozi.

"Kesho alfajiri," mzee akasema. "Fanya unachopaswa kufanya. Mimi na wa nyumbani mwangu tutaenda hekaluni. Tukirudi nisikute kitu."

Alifanya peke yake. Aliziba milango ya mizinga kwa vitambaa nyuki wakiwa bado ndani, akafungua vifuniko kimoja kimoja, akamimina maji ya sabuni ndoo kwa ndoo. Sabuni huwaziba pumzi. Mzinga wa kwanza ulivuma kwa nguvu sana, kisha ukavuma kidogo, kisha ukawa na sauti kama ya chumvi inayokaangwa, kisha basi. Kufikia wa tano mikono ilishazoea. Malkia wa visandukuni aliwatoa kwa vidole na kuwaminya vichwa, akihesabu bila kukusudia. Aliwajaza kwenye viroba, akavishusha mara kumi na moja, na wauza juisi ya miwa walimpisha njia wakishangilia. Mmoja alimpa glasi bure.

Mwezi wa nane alikwenda Kisarawe. Hakuna aliyemtuma. Alimkuta Violeth nyuma ya nyumba anapepeta mchele wa watu kwa ujira. Violeth hakushtuka. Alimpa kigoda, akampa maji.

"Nimekuja kusema kweli," Paskalina akasema.

"Usiniambie mimi, mimi ninaijua. Twende ukawaambie wao."

Wanawake kumi na wawili walikuwa wamekusanyika ndani ya ofisi ya kijiji, kikao chao cha kila wiki. Mwenyekiti sasa alikuwa Ummy, mwanamke mnene mwenye sauti tulivu. Paskalina alisimama akaeleza yote: hadubini, tarehe, boksi, na jinsi alivyomtukana Violeth sokoni. Alisema bila kujitetea. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, alimgeukia Ummy akisema, "Kwa hiyo Violeth hana kosa. Mrudishieni nafasi yake."

Ummy alifikiri. "Ahsante kwa kutuambia," alisema. "Tulidhani ameiba hela akanunua malkia wabovu wa bei ndogo. Sasa tumejua hakuiba." Akawaangalia wenzake. "Lakini jamani, tulimwambia tununue kwingine, akatuapia. Mtu aliyedanganywa na rafiki yake mchana kweupe, akatuulia mizinga yote, tumrudishe kutuongoza wapi?"

Wanawake waliinamisha vichwa. Mmoja akacheka kidogo, akajifanya anakohoa. Kikao kikaendelea na habari za mbuzi, kwa sababu sasa walikuwa wanafuga mbuzi.

Violeth alikuwa amesimama nje, karibu na dirisha. Alikuwa amesikia yote.

Walirudi pamoja. Walipofika kwenye mikorosho nyuma ya nyumba, Violeth alimwonyesha mzinga mmoja aliokuwa ameuficha kwa makuti, wenzake wasijue. "Huu ulibaki," alisema. "Nimeuosha, nimewalisha sukari. Mtazame. Wewe ndiye mwalimu."

Paskalina alifungua. Palikuwa na nyuki wa kujaza viganja viwili. Malkia wao, asiye na rangi yoyote, wa hukohuko Kisarawe, alikuwa anajikokota juu ya sega tupu, tumbo limevimba, na vibarua watatu walikuwa wanamvuta bawa.

"Atapona?" Violeth akauliza. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye bado anatumaini, na hiyo ndiyo iliyomshinda Paskalina kuisikiliza.

"Hataweza kupona."

"Hata nikimbadilishia mzinga?"

"Hata hivyo."

Violeth aliingiza mkono bila glavu, akamtoa yule malkia kati ya watoto wake, akamminya kwa kidole gumba. Vibarua walimchoma mara mbili kifundoni, hakuuondoa mkono mpaka alipomaliza. Kisha akajifuta kwenye jani la mkorosho, akafunga mzinga, akaelekeza barabarani.

"Basi la mjini linapita saa kumi," alisema. "Wahi."